Masanga: gitare moja ya Likasi yenye sauti ya watu wengi

Nje ya inchi, jina la zamani la Likasi, ni kusema Jadotville, linajulikana juu ya mambo mawili. La kwanza ni vita. Mwezi wa Septemba 1961, askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizungukwa pale kwa siku tano, na mwaka 2016 ikatoka filamu juu ya habari hiyo. La pili ni madini. Shinkolobwe, kule pembeni ya Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu iliyoangushwa Hiroshima mwaka 1945.

Jambo la tatu halitajwi sana, na halikuua mtu. Mwaka 1952, mu mji huu, kijana wa miaka karibu 22 alipiga gitare mbele ya mashini ya kunasa sauti. Hakukuwa ngoma, wala tarumbeta, wala wapigaji wengine nyuma yake. Muziki mmoja kati ya ile iliyonaswa unaitwa "Masanga". Mtu akiusikiliza mara ya kwanza pashipo kuambiwa, anaweza kuapa kwamba wanapiga watu wawili ao watatu. Kijana yule ni Mwenda Jean Bosco, ambaye kisha alijulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Makala hii inaeleza sauti ile ilitoka wapi, inajazwa namna gani, ilifika wapi, na sababu gani watu wa Likasi na wa jimbo lote wangepaswa kuisikiliza upya, kwa masikio ya wenyeji.

Mwenda ni nani

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, upande wa kaskazini ya Likasi. Bunkeya si kijiji cha hivi hivi. Ni mji wa Mwami Msiri, mkubwa wa Bayeke. Bayeke walifika Katanga katika karne ya 19 kutoka Unyamwezi, inchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania, wakifwata shaba na pembe za tembo. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati msafara wa Kapiteni Stairs ulipokuja kuchukua inchi kwa niaba ya Leopold II. Jina la Mwenda ni la ukoo ule ule wa utawala. Kwa hiyo, alipojiita Mwenda wa Bayeke, hakutafuta jina la jukwaani tu. Alikuwa anasema ametoka wapi.

Jina hilo lilienea zaidi wakati wa Zaire, pale Rais Mobutu alipoamuru watu waache majina ya kizungu na kurudia majina ya mababu. Ndiyo sababu diski za zamani zinaandika "Mwenda Jean Bosco" ao "Jean Bosco Mwenda", na za kisha zinaandika "Mwenda wa Bayeke". Ni mtu mmoja. Anayetafuta muziki wake leo apaswa kutafuta kwa majina yote, ao atakosa nusu yake.

Mji wa kazi, mji wa gitare

Likasi ya miaka ya 1950 ilikuwa mji wa kazi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa inachimba na kuyeyusha shaba sehemu zile, na jina la Jadotville lenyewe lilitoka kwa Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni. Shituru na Panda, ambazo leo ni komini za Likasi pamoja na Kikula na komini ya Likasi yenyewe, ni majina ambayo kila mtu aliyelala mu nyumba ya mfanyakazi anayajua.

Wafanyakazi hawakutoka sehemu moja. Wengine walitoka Lomami na Kasai, wengine Rwanda na Burundi, wengine ngambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaweka kwa muda mrefu pamoja na bibi na watoto. Mkoi mmoja anasema kiluba, mwengine kibemba, mwengine kisanga. Luga iliyowaunganisha ni Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho mpaka leo kinajulikana mara moja mtu akifungua kinywa. Mwenda aliimba mu Kiswahili hicho.

Muziki nao ulichanganyika namna ileile. Treni kutoka kusini ilifika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910, na ikaendelea kupanda kufwata machimbo. Pamoja na watu na mizigo, njia hiyo ilileta fonografe na diski. Diski za Cuba zilienea Kongo nzima. Diski za Marekani za waimbaji wa gitare zilipita upande wa kusini. Misioni zilikuwa na kwaya na fanfare. Kijijini kulikuwa likembe, na kila mtu alijua sauti yake tangu utoto.

Gitare ilifaa maisha ya mji kama ule. Ni nyepesi, mtu anaibeba begani, haiombi umeme, haiombi wenzake kumi. Orkestra nzima ya tarumbeta inataka pesa, mavazi, na mahali pa kufanyia mazoezi. Mfanyakazi aliyetoka kazini mangaribi hakuwa na vile vyote. Alikuwa na mikono miwili. Basi, kama alitaka muziki unaojaa kiwanja, ilimpasa autoe wote kwa mikono ile. Hapo njo mahali pa kuanza kuelewa "Masanga". Utajiri wa sauti yake ni utajiri wa mtu aliyepiga peke yake na hakutaka isikike kama ya mtu peke yake.

Mzungu mwenye mashini

Aliyenasa sauti ile anaitwa Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akafika Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kusaidia kaka yake kwenye shamba la tumbako, na huko akaanza kupenda nyimbo za watu aliofanya nao kazi. Kisha akafanya jambo hilo kuwa kazi ya maisha yake. Alizunguka inchi nyingi za Afrika na motokari zenye mashini, akinasa muziki wa wakulima, wafalme, wachimbaji, watoto na wanamuke wa kutwanga. Kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ilimsaidia na ilitoa diski. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayoitwa ILAM.

Alipofika Jadotville mwaka 1952, Mwenda alikuwa kijana tu, si mtu wa diski. Tracey aliponasa muziki wake, alielewa mara moja kwamba amepata kitu. "Masanga" ilipata zawadi ya Osborn, iliyotolewa na African Music Society kwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Diski ya Gallotone ikaingia sokoni, na kupitia radiyo na fonografe ikafika kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la Likasi.

Kuna jambo la kuweka sawa hapa. Mara nyingi habari hii inasimuliwa kama vile mzungu ndiye alimvumbua Mwenda. Lakini mashini inanasa kile kilichopo. Siku ile mashini ilipowashwa, vidole vilikuwa vimekwisha kujua njia yao. Mwenda alikuwa amejifunza kwa kusikiliza, kwa kujaribu, na kwa kuishi mu mji ambamo sauti nyingi zilipita mbele ya mlango. Tracey alifanya kazi ya maana ya kuhifadhi. Kazi ya kuunda ilikwisha kufanyika.

Sauti inajazwa namna gani

Gitare ina nyuzi sita. Kwa mkono wa kushoto mupigaji anakandamiza nyuzi kwenye shingo ya gitare. Kwa mkono wa kuume anazipiga. Watu wengi wanaoanza wanakwaruza nyuzi zote pamoja, juu na chini, ili kusindikiza wimbo. Inatoka sauti moja nene, kama mtu anayepiga makofi.

Wapigaji wa Katanga hawakufanya vile. Mkono wa kuume wa Mwenda ulitumia vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kinashika nyuzi nene za juu, zenye sauti ya chini. Kinatembea bila kuchoka, kama mtu anayekwenda kazini kwa miguu, hatua moja huku, hatua moja kule. Kidole cha shahada kinashika nyuzi nyembamba, na njo kinachosema maneno ya wimbo. Kati ya vile viwili kuna nyuzi za katikati, ambazo mara kidole gumba kinazigusa, mara cha shahada. Pale njo ujanja ulipo. Sikio la mtu linasikia sauti za chini kama mupigaji mmoja, sauti za juu kama mupigaji wa pili, na zile za katikati kama wa tatu anayejibu.

Jambo la pili ni wakati. Kidole cha shahada hakingojei kidole gumba. Mara nyingi kinaingia katikati ya hatua zake, ao kinamtangulia kidogo, ao kinachelewa makusudi. Ukipiga makofi kufwata sauti ya chini unaenda vizuri, na ukijaribu kufwata sauti ya juu unajikuta mahali pengine. Mtu aliyecheza ngoma kijijini anajua jambo hilo: kila ngoma ina njia yake, na uzuri unatoka pale njia zinapokatana. Mwenda aliweka ngoma zile kwenye nyuzi.

Jambo la tatu linakumbusha likembe. Mupigaji wa likembe anatumia vidole gumba viwili, kila kimoja na kazi yake, na anazungusha kipande kifupi mara nyingi, akibadilisha kidogo kila mara. "Masanga" nayo inazunguka. Kipande kinarudi, lakini hakirudi sawa. Safari hii sauti ya juu inashuka polepole, safari ile inaongezewa kipambo, safari nyingine inakatwa mapema na sauti ya chini inaachwa itembee peke yake kwa kitambo.

David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alichukua diski za Mwenda na kuziandika alama kwa alama kwenye karatasi. Kazi yake ilitoka katika jarida la African Music kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962, na jina lake linasema wazi kwamba ni habari ya ubunifu wa papo kwa papo. Muziki ambao watu walicheza nao bia mkononi mwisho wa yenga ulihitaji kurasa nyingi na uvumilivu mkubwa ili kuandikwa. Vidole viwili tu.

Namna ya kusikiliza "Masanga"

Diski za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba karibu dakika tatu. Kwa hiyo "Masanga" ni fupi, na mtu anaweza kuirudilia mara tano pashipo kupoteza asubuhi yake. Inafaa kuisikiliza namna hii.

Mara ya kwanza, acha muziki upite tu. Usitafute kitu.

Mara ya pili, shika sauti ya chini peke yake. Ifwate kwa mguu. Utaona kwamba haisimami hata sauti ya juu inapopumzika. Ile ndiyo sakafu ya nyumba.

Mara ya tatu, achana na sakafu na ufwate sauti ya juu. Sikiliza namna inavyoshuka, ikifika chini inageuka na kupanda tena. Mtu anayejua nyimbo za Katanga atasikia mwendo ule ule wa sauti ya mtu anayeimba, ambaye anaanza juu na kuteremka mpaka pumzi inakwisha.

Mara ya ine, tafuta katikati. Hapo ndipo kazi ni ngumu, juu ya sauti za katikati zinajificha. Ni fupi, nyepesi, zinajibu tu. Lakini zikiondolewa, muziki wote unakuwa mifupa mitupu. Utamu mwingi wa "Masanga", ule unaomfanya mtu aseme wanapiga watatu, unatoka pale.

Mara ya tano, sikiliza vyote pamoja. Kwa kawaida ni safari hii mtu anacheka.

Baada ya hapo inafaa kusikiliza nyimbo zake zingine kama "Bombalaka" na "Tambala Moja", na kuweka pembeni yake wapigaji wengine wa wakati ule: Edouard Masengo, ndugu yake wa ukoo, na Losta Abelo. Masengo alipita katika JECOKE, kundi la vijana wachekeshaji na wacheza ngoma wa komini ya Kenya kule Elisabethville. Kusikiliza hawa watatu pamoja kunaonyesha kwamba Mwenda hakuwa mti mmoja katikati ya jangwa. Ulikuwa msitu. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, lakini kidole gumba kinachotembea na kidole cha shahada kinachoongea ni vya wote.

Kutoka Katanga mpaka Nairobi, na zaidi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi. Kampuni ya dawa ya Aspro ilimtumia katika matangazo yake, na akawa na kipindi cha radiyo. Masengo naye alifika Nairobi, na huko alitangaza Coca-Cola. Leo vijana wengi wanafikiri kwamba mwanamuziki kulipwa na kampuni ya bidhaa ni jambo jipya. Wana wa Katanga walikwisha kulifanya zaidi ya miaka sitini iliyopita, na gitare kavu mkononi.

Kiswahili kiliwafungulia njia. Kile cha Katanga si kile cha Mombasa, na wasikilizaji wa Kenya walicheka maneno fulani, lakini walielewa. Na gitare ilieleweka zaidi ya maneno. Kizazi kizima cha wapigaji wa Kenya kilisikiliza vidole vya Mwenda kwenye radiyo na kujaribu kuvifwata. Upande wa magaribi ya Kenya ulikuwa na mtindo wake unaoitwa omutibo, ambao George Mukabi aliufanya ujulikane, gitare ya vidole pamoja na chupa ya soda inayogongwa ili kushika mapigo. Ukisikiliza omutibo na muziki wa Katanga kwa siku moja, unasikia majirani wanaosalimiana juu ya ua.

Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport kule Marekani, tamasha kubwa la muziki wa asili. Fikiria njia hiyo: kutoka Bunkeya na Jadotville mpaka jukwaa la Newport, na chombo kile kile cha nyuzi sita. Mwaka 1979 mpigaji gitare kutoka Uingereza, John Low, alikuja mpaka Shaba, jina la Katanga la wakati ule, kutafuta wapigaji wa miaka ya 1950 na kujifunza kwao. Aliandika safari yake katika kitabu kinachoitwa Shaba Diary, kilichotoka Vienna mwaka 1982. Safari ya mbali kama hiyo ina somo ndani yake. Diski inakupa sauti, lakini haikuonyeshi kidole gani kimegusa uzi gani. Kwa jambo hilo, lazima kukaa mbele ya mtu na kutazama mikono yake.

Sababu gani gitare kavu ilipungua

Miaka ile ile ambayo Mwenda alikuwa Nairobi, jambo lingine lilikuwa linapanda kutoka Léopoldville. African Jazz na OK Jazz walikuwa na gitare za umeme, tarumbeta, ngoma na waimbaji wengi. Radiyo ya mji mkuu ilikuwa na nguvu, na Lingala ikawa luga ya muziki wa inchi nzima. Kazi ambayo Mwenda aliifanya na vidole viwili, orkestra ile iliigawa kwa watu watatu: mmoja anapiga besi, mmoja anasindikiza, mmoja anapiga solo juu. Kwa njia fulani, rumba iliweka wazi kile ambacho gitare ya Katanga ilikuwa imekificha ndani ya mkono mmoja.

Watu walipenda muziki mpya, na hakuna wa kuwalaumu. Ulikuwa wa nguvu na ulijaza baa kubwa. Pia miaka ya 1960 ilikuwa migumu Katanga: kujitenga, vita, watu kukimbia. Mji ulibadilisha jina mwaka 1966, kampuni ikawa Gécamines. Gitare kavu ilibaki nyumbani, kwenye matanga, kwenye misa, mikononi mwa wazee. Mwenda aliendelea kupiga, na miaka ya 1980 alipiga tena Ulaya. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya motokari, akiwa na miaka 60 hivi.

Diski za kutafuta

Kwa mtu anayetaka kuanza, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni diski ya mkusanyiko iliyotolewa na SWP, kampuni ndogo ya Utrecht kule Uholanzi, kutokana na kazi ya Tracey. Inaitwa *Origins of Guitar Music* na inakusanya wapigaji wa kusini ya Kongo na kaskazini ya Zambia walionaswa kati ya 1950 na 1958. Uzuri wake ni kwamba haimweki mtu mmoja peke yake juu ya meza. Inaonyesha mpaka wa Kongo na Zambia ulivyokuwa mstari wa karatasi tu kwa wapiga gitare. Mtu anaisikiliza kama vile anatembea usiku mu cité, mlango huu gitare moja, mlango ule gitare mbili, na kila mlango una luga yake.

Ya pili ni *African Guitar Legend: The Studio Album*, iliyotolewa na Rounder ya Marekani mwaka 1994, baada ya kifo chake. Hapa ni Mwenda aliyekomaa, na sauti imenaswa kwa vyombo vya kisasa. Kile ambacho diski ya 1952 inaficha nyuma ya mikwaruzo, hapa kinasikika wazi: uzi unavyotetemeka, kidole kinavyoteleza kwenye shingo ya gitare. Mtu anayejifunza kupiga aanze na hii. Mtu anayetaka kujua sababu gani watu walishangaa, arudi 1952.

Sauti iko wapi leo

Kanda za Tracey zinahifadhiwa ILAM, ambayo tangu 1978 iko kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Grahamstown ambao leo unaitwa Makhanda, Afrika ya Kusini. Ziko salama pale, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini ni mbali sana na Kikula.

Kuna mfano wa kurudisha. Mwaka 1950 Tracey alinasa wasichana wa Kipsigis kule Kenya wakiimba wimbo unaoitwa "Chemirocha", jina walilompa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye fonografe. Katika miaka ya 2010, watu wa ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walirudi na nakala za kanda zile mpaka kwa Wakipsigis wenyewe, ili wazee waliobaki na wajukuu wao wasikie. Gharama kubwa ilikuwa ni kutafuta watu na kufika kwao. Sauti yenyewe ilikuwa tayari.

Kwa Likasi kazi ni nyepesi zaidi, juu ya "Masanga" inapatikana kwenye intaneti, na kijana mwenye telefone anaweza kuisikia leo hii. Shida ni nyingine. Sauti imehifadhiwa, alama zimeandikwa kwenye majarida ya chuo kikuu, lakini mkono hauhifadhiwi kwenye rafu. Mkono unapita kwa mkono mwingine, ao unakufa na mwenyewe. Mzee aliyekuwa na miaka 15 wakati "Masanga" inanaswa, leo amekaribia 90. Kama katika kartie fulani ya Likasi, Kambove ao Lubumbashi kuna mzee ambaye bado anapiga kwa vidole viwili, saa anayokaa na mjukuu wake na gitare ni ya thamani kupita diski yoyote ya Uholanzi.

Shaba ya Likasi imekwenda mbali, na haikurudi. Sauti ya gitare nayo ilikwenda mbali. Lakini hii, tofauti na shaba, haikwishi kule ilikotoka kama kuna mtu anayeipiga.

Tarehe za kukumbuka

1930: Mwenda anazaliwa Bunkeya.

1952: Hugh Tracey anamnasa Jadotville, leo Likasi. "Masanga" inapata zawadi ya Osborn.

1954: ILAM inaanzishwa.

Mwisho wa miaka ya 1950: Mwenda anafika Nairobi.

1961 na 1962: David Rycroft anatoa maandiko yake juu ya gitare ya Mwenda.

1966: Jadotville inaitwa Likasi.

1969: Mwenda anapiga Newport, Marekani.

1982: Shaba Diary ya John Low inatoka.

1990: Mwenda anakufa.

1994: *African Guitar Legend: The Studio Album* inatoka.